Mama wa Mawe ya Mizani

Hadi usiku wa tarehe 19 Mei 2019 kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho uzito wake ulijulikana bila shaka hata chembe. Ni kipande cha madini chenye umbo la mcheduara, kimo milimita 39, upana milimita 39, ukikifumbata kinaenea kiganjani. Kimefungiwa ndani ya sefu, katika chumba cha chini ya ardhi cha jumba la Pavillon de Breteuil, huko Sèvres, nje kidogo ya jiji la Paris. Kilikuwa kilo moja kamili, na hakuna mizani iliyoweza kusema vinginevyo, maana kilo yenyewe ndiyo ilikuwa hicho kipande. Mtu angekikwangua kwa tupa hadi vumbi likamwagika, kingebaki kilo moja vilevile. Vingine vyote, kuanzia gunia la mahindi hadi mwezi, ndivyo ambavyo vingehesabiwa kuwa vimeongezeka.

Hivyo ndivyo makubaliano ya kimataifa yalivyosema kwa miaka 130. Jiwe la mizani lililo juu ya kaunta ya duka lilipimwa kwa jiwe la mkaguzi wa vipimo, la mkaguzi likapimwa kwa jiwe la taifa, na la taifa likalinganishwa, kwa njia moja au nyingine, na lile la Sèvres. Ukoo mzima wa mawe ya mizani ulikuwa na mama mmoja, naye alikuwa kabatini. Jinsi tulivyofika hapo, na kwa nini wanasayansi walihangaika nusu karne kumtoa mama huyo kwenye kiti chake, ni kisa kinachoanza na madai ya wakulima.

Ufaransa ya kabla ya mapinduzi ya 1789 ilikuwa na vipimo kama ilivyo na jibini: kila wilaya na chake. Ratili ya Paris ilikuwa sawa na gramu 489 na nusu za leo. Miji ya kusini ilikuwa na ratili nyepesi zaidi, kwa jina lilelile. Nafaka haikupimwa kwa mizani bali kwa chombo, na chombo chenyewe kilikuwa mali ya bwana mwenye ardhi. Hapo ndipo penye utamu wa mambo. Mkulima alipolipa kodi ya ngano, chombo kilijazwa kikapandishwa kichuguu juu. Bwana alipouza, chombo kilipitishwa kijiti kikawa bapa, sawasawa na ukingo. Tofauti kati ya kichuguu na bapa ilikuwa faida ya mtu fulani, na mtu huyo hakuwa mkulima. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu anaijua lumbesa: gunia linaloshonewa kilemba juu ya mdomo, likalipiwa bei ya gunia moja. Sheria ya Tanzania inataka mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, Kenya ikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na bado ugomvi wa kilemba haujaisha. Wafaransa walipoulizwa kero zao mwaka 1789, vijiji kwa vijiji viliandika kwamba vinataka kipimo kimoja nchi nzima. Sayansi iliingia baadaye. Aliyeisukuma ni mkulima aliyechoka kuibiwa mbele ya macho yake.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mfumo wake, na ulikuwa mfumo wa kuheshimika. Karafuu na pembe za ndovu za Zanzibar ziliuzwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Chini yake kulikuwa na ratili, na chini ya ratili kulikuwa na wakia. Wakia ya Unguja ilikwenda na uzito wa riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya Austria iliyotapakaa kutoka Bahari ya Shamu hadi kwetu, yenye gramu 28 na ushee. Kupima kwa fedha ni busara: sarafu ni nyingi, zimefanana, na kila mtu anazijua. Ila sarafu inachakaa mikononi, inakatwa kingo na wajanja, na frasila ya Mocha kule Yemen ilikuwa nyepesi kuliko ya Unguja, kwa hiyo nahodha aliyetia nanga bandari mbili alihitaji akili ya hesabu au dalali mwaminifu.

Wanamapinduzi wa Paris walitaka kitu ambacho si cha mfalme, si cha soko, wala si cha mji wowote. Mwaka 1791 waliamua urefu utolewe kwenye dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Ukishapata mita, uzito unakuja wenyewe. Chukua mchemraba wa ukubwa unaojulikana, ujaze maji safi, upime. Maji yapo kila mahali, na hayana bwana.

Kazi ya kwanza ya kupima maji hayo ilifanywa na Antoine Lavoisier, mkemia mkubwa kuliko wote wa zama zake, pamoja na René Just Haüy, padre aliyebobea katika fuwele. Januari 1793 walikuwa na jibu la awali, na tarehe 1 Agosti mwaka huo sheria ikatangaza kipimo kipya cha uzito kilichoitwa grave, yaani uzito wa desimita moja ya ujazo ya maji. Kwa kifupi, grave ndiyo kilo, kwa jina jingine. Lakini Lavoisier alikuwa pia mshirika katika kampuni iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, na mapinduzi hayakusahau jambo hilo. Chuo cha Sayansi kilivunjwa Agosti ileile. Yeye akakamatwa miezi michache baadaye, na tarehe 8 Mei 1794 akakatwa kichwa.

Jina la grave nalo halikuishi. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ilianza upya kutoka chini: kipimo cha msingi kiwe gramu, uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Jina lilichotwa kwenye Kigiriki, ambako lilitaja kijiwe kidogo cha kupimia. Gramu ilifaa kwa dawa na dhahabu, lakini haikufaa kwa nyama, na zaidi ya hapo haikufaa kuwa kielelezo. Tengeneza kipande cha madini cha gramu moja na kosa dogo kabisa la fundi litakuwa sehemu kubwa ya kipande chenyewe. Kwa hiyo kielelezo kikaamuliwa kiwe cha gramu elfu moja, na elfu kwa Kigiriki ikawa kilo. Tangu hapo mfumo mzima wa vipimo una kasoro ya kuzaliwa nayo ambayo hakuna aliyethubutu kuitibu: mita, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela ni majina matupu, ila kipimo cha msingi cha uzito peke yake kinatembea na kiambishi cha elfu mgongoni. Ndiyo maana sehemu ya milioni ya kilo haiitwi mikrokilogramu, inaitwa miligramu, na kilo elfu moja tunasema tani na kunyamaza. Kwa maoni yangu wangerudisha grave tu, lakini wamechelewa miaka mia mbili.

Kati ya majina hayo mawili kuna mtu mmoja aliyepotea baharini. Mwaka 1794 serikali ya Ufaransa ilimtuma Joseph Dombey, daktari na mtaalamu wa mimea, apeleke Marekani kielelezo cha mita na kile cha grave, ili amshawishi Thomas Jefferson na wenzake wajiunge na mfumo mpya. Dhoruba ikaisukuma meli hadi Karibiani, maharamia wenye kibali cha Uingereza wakamteka, naye akafia kifungoni katika kisiwa cha Montserrat. Kigrave chake cha shaba kilipita mikono mingi, na leo kimehifadhiwa na taasisi ya vipimo ya Marekani. Si haki kusema kwamba Wamarekani wanapima kwa paundi hadi leo kwa sababu ya dhoruba moja. Lakini hakika haikusaidia.

Huko Paris kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Kujaza mchemraba maji na kuupima kunaonekana kama zoezi la darasa la sita, hadi ujaribu kuwa na uhakika wa sehemu moja ya laki. Maji yanapanda pembeni ya chombo. Mchemraba hauwi mchemraba kamili. Louis Lefèvre-Gineau na mwenzake kutoka Florence, Giovanni Fabbroni, wakageuza swali. Badala ya kutia maji ndani ya chombo, wakatia chombo ndani ya maji. Walikuwa na mcheduara wa shaba ya njano, mtupu ndani, kimo na upana wake ni kama sentimita 24 kila kimoja. Waliupima vipimo vyake mahali pengi, juu, chini na pembeni, hadi wakaujua ujazo wake. Kisha wakautundika chini ya mizani na kuuzamisha. Kitu kilichozama hupungukiwa uzito sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Archimedes aliyasema hayo zamani. Upungufu ule ulikuwa uzito wa ujazo unaojulikana wa maji, bila kikombe, bila ukingo, bila tone la kubahatisha.

Walifanya badiliko moja zaidi, na hapo unaona mkono wa watu waliojua kazi. Sheria ilitaja barafu inayoyeyuka, nyuzi 0. Wao wakachagua nyuzi 4, kwa sababu hapo maji huwa mazito kuliko joto lolote jingine. Kinachofaa zaidi ni kwamba karibu na kilele hicho maji karibu hayabadiliki: ukikosea joto kwa sehemu ya nyuzi, uzito hautikisiki. Kwenye nyuzi 20 kosa lilelile lingekugharimu sana. Mpimaji mzuri hatafuti tu chombo kizuri, anatafuta mahali ambapo makosa yake hayataonekana.

Jibu lao lilikuwa chembe 18,827.15 za kipimo cha zamani cha Kifaransa, pungufu kidogo ya zile 18,841 za makadirio ya kwanza. Fundi Fortin akatengeneza mcheduara wa platinamu kwa uzito huo, na tarehe 22 Juni 1799 ukakabidhiwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ukaitwa Kilogramu ya Nyaraka. Walikuwa wamekosea. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa desimita ya ujazo ya maji ni nyepesi kuliko kipande kile kwa takriban miligramu 25. Kwa vyombo vya mwaka 1799 hilo ni jambo la kushangaza kwa uzuri wake, wala si aibu. Ila lilizaa swali: turekebishe platinamu ifuate maji, au tuache maji yaende zake?

Waliacha maji yaende zake. Ndoto ya kipimo kisicho na bwana iliishia hapo, kimyakimya, kwa sababu nzuri kabisa: kulinganisha kipande na kipande ni rahisi na sahihi kuliko kupima maji upya kila mara. Wafaransa wenyewe walikuwa wameupokea mfumo kwa shingo upande. Mwaka 1812 Napoleon aliruhusu vipimo vya mazoea virudi, ikiwemo ratili ya gramu 500, na ikabidi ifike tarehe 1 Januari 1840 ndipo mfumo wa metriki ulazimishwe tena. Lakini dunia ya reli, viwanda na simu za waya haikuweza kungoja. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita jijini Paris, zikaanzisha ofisi ya kimataifa ya vipimo, BIPM, kule Sèvres.

Ofisi hiyo iliagiza vielelezo vipya kutoka kampuni ya Johnson Matthey ya London, vya mchanganyiko wa platinamu asilimia 90 na iridiamu asilimia 10. Madini hayo hayapati kutu, ni magumu, na ni mazito ajabu, karibu mara 21 na nusu ya maji. Uzito huo una faida isiyoonekana haraka. Hewa nayo huinua vitu kama maji yanavyoinua, kwa kiasi kidogo. Kilo ya chuma cha pua inayopimwa hewani huinuliwa kama miligramu 150. Kilo ya platinamu na iridiamu, kwa kuwa ni ndogo, huinuliwa kama theluthi ya hapo. Vilitengenezwa vipande vitatu, na cha tatu kilionekana kufanana kabisa na Kilogramu ya Nyaraka. Hicho ndicho kilichokuwa mama. Mwaka 1889 mkutano mkuu wa kwanza wa vipimo ulikithibitisha, na nakala zake zikagawiwa mataifa kwa kupiga kura ya bahati, kila nchi ikaondoka na namba iliyoipata. Marekani ilipata namba 4 na namba 20.

Mama aliwekwa chini ya vifuniko vitatu vya kioo, kimoja ndani ya kingine, sefu ikawa na funguo tatu mikononi mwa watu tofauti, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Alitolewa mara chache sana, maana kila kugusa ni kukwaruza. Kabla ya kulinganishwa na nakala alioshwa, na uoshaji wenyewe ulikuwa na kanuni zake: ngozi laini ya paa iliyoloweshwa etha na ethanoli, kusugua taratibu kwa mkono, kisha mvuke wa maji yaliyokenekwa mara mbili, na kuacha matone yadondoke. Ukimaliza hapo, uchafu wa hewani unaanza kurudi, takriban mikrogramu moja kila mwaka. Fikiria vipimo vyote vya dunia vinategemea ustadi wa mtu mmoja mwenye kipande cha ngozi.

Ulinganishaji wa mwaka 1946 na ule wa 1989 hivi ndio ulioleta wasiwasi. Nakala nyingi, zikiwemo zile zilizokaa Sèvres katika mazingira yaleyale, zilikuwa zimeachana na mama. Kwa wastani tofauti ilifika kama mikrogramu 50 ndani ya miaka mia, uzito wa punje moja ndogo ya mchanga. Nakala zilinenepa au mama alikonda? Swali la pili halikuruhusiwa. Kwa mujibu wa tafsiri ya kisheria mama hawezi kukonda, kwa hiyo nakala zilikuwa zimenenepa, na jua, na dunia, na mimi na wewe pia. Mwanafizikia anaweza kuvumilia kosa. Asichoweza kuvumilia ni kosa ambalo lugha yake mwenyewe inamkataza kulitaja. Newtoni, paskali, jouli na wati vyote vimejengwa juu ya kilo, kwa hiyo utepetevu wa kipande kimoja ulikuwa utepetevu wa vyote.

Kabla hatujaenda mbele, ni vizuri kutenga mambo mawili ambayo lugha ya sokoni inayachanganya bila madhara. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa vipimo ulilazimika kutamka wazi kwamba kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada, na si uzito, ambao ni nguvu ya dunia kuivuta maada hiyo. Mizani ya sahani mbili hulinganisha tungamo na tungamo: jiwe na sukari huvutwa sawasawa, popote uendapo, hata mwezini. Mizani ya springi na mizani nyingi za kielektroniki hupima mvuto, kisha zinakuonyesha kilo kwa kukisia mvuto wa mahali zilipo. Dunia haivuti sawa kila mahali. Ikweta huvuta chini ya ncha kwa karibu nusu ya asilimia. Mizani ya kielektroniki iliyorekebishwa London, ikiletwa Dar es Salaam bila kuguswa, itaonyesha kilo moja ya sukari ikiwa imepungua gramu 3 hivi. Sukari haijaibwa. Ndiyo sababu mizani nzuri hurekebishwa mahali inapotumika, kwa jiwe, na mkaguzi akirudi na mawe yake kila mwaka kubandika stika, hafanyi hivyo kwa kumsumbua mwenye duka.

Njia ya kumstaafisha mama ilianzia Teddington, Uingereza, mwaka 1975, kwenye kichwa cha Bryan Kibble wa maabara ya taifa ya fizikia. Wazo lake ni mizani ambayo upande mmoja una jiwe na upande mwingine una umeme. Tundika koili ya waya ndani ya uga wa sumaku, pitisha mkondo, koili inasukumwa. Ongeza mkondo taratibu hadi msukumo ulingane na mvuto wa jiwe, na una uzito ulioandikwa kwa ampea. Tatizo ni kwamba jibu linategemea nguvu ya sumaku na urefu wa waya, vitu vigumu kupima kwa usahihi. Kibble alikuwa na dawa. Ondoa jiwe, kata mkondo, kisha isogeze koili ileile ndani ya sumaku ileile kwa mwendo unaojulikana. Sasa koili inazalisha volteji, na volteji hiyo inategemea sumaku ileile na waya uleule. Ukiweka hesabu mbili pamoja, sumaku na waya vinafutana. Kinachobaki ni volteji, mkondo, mwendo, mvuto wa mahali hapo na tungamo. Mvuto hupimwa pembeni kwa kuangusha kioo ndani ya ombwe na kukifuatilia kwa leza.

Uzuri wa mwisho unatoka kwingine. Volteji inaweza kupimwa kwa njia aliyoitabiri Brian Josephson mwaka 1962, na mkondo kupitia ukinzani wa umeme, kwa ile aliyoigundua Klaus von Klitzing mwaka 1980, na njia zote mbili hazitegemei kifaa cha fundi yeyote. Zinategemea namba za asili, na mojawapo ni konstanti ya Planck, namba ndogo mno iliyotokea mwaka 1900 Max Planck alipokuwa akieleza mwanga wa vitu vyenye joto. Mizani ya Kibble inaunganisha kilo na namba hiyo. Ukiijua kilo, unapata namba. Ukiikubali namba, unapata kilo. Wahandisi wa taasisi ya vipimo ya Marekani waliwahi kutengeneza mizani ya namna hiyo kwa matofali ya kuchezea ya LEGO, ikapima gramu kadhaa kwa kosa la asilimia moja hivi. Ile ya kweli inajaza chumba.

Kulikuwa na kundi jingine lililokwenda kwa mguu: kuhesabu atomu. Walichukua silikoni iliyosafishwa Urusi hadi karibu yote ikawa ya aina moja, silikoni-28, wakakuza fuwele Ujerumani, kisha wakaichonga na kuisugua ikawa tufe la kilo moja, upana wake chini kidogo ya milimita 94, katika vitu vya mviringo kamili zaidi kuwahi kutengenezwa na mkono wa mtu. Atomu ndani ya fuwele hujipanga kwa nafasi sawa. Pima nafasi hiyo kwa eksirei, pima ukubwa wa tufe, gawanya, na umejua idadi. Barabara mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya umeme na moja ya kuhesabu, zilitakiwa zifike kwenye jibu moja. Kwa miaka kadhaa hazikukubaliana, na waliokuwa na haraka walilazimika kungoja. Hadi 2017 zilikuwa zimekaribiana vya kutosha, kwa sehemu chache za milioni mia.

Tarehe 16 Novemba 2018, mjini Versailles, wajumbe wa nchi wanachama walipiga kura, na hakuna aliyepinga. Kuanzia tarehe 20 Mei 2019, siku ileile uliyosainiwa Mkataba wa Mita, konstanti ya Planck ikatangazwa kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde, kamili, bila mkia wa mashaka, na kilo ikawa chochote kile kinachohitajika ili namba hiyo iwe kweli. Kibble hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2016, na wenzake wakaipa mizani jina lake.

Kwenye duka hakuna kilichobadilika, na hilo lilipangwa. Namba ilichaguliwa kwa makusudi ili kilo mpya ilingane na ya zamani kadiri mizani bora za dunia zilivyoweza kuona. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kusema kilo ni kiasi gani. Zamani jibu lilikuwa Sèvres. Sasa nchi yoyote yenye fedha, mafundi na uvumilivu inaweza kujenga mizani ya Kibble na kuipata kilo nyumbani kwake, bila kuomba ufunguo kwa mtu. Kwa nchi nyingi, zikiwemo zetu, bado ni nafuu kupeleka jiwe la taifa likalinganishwe kwa mwenye mizani hiyo, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Ila mizani chache zilizopo duniani bado hazijakubaliana vizuri kiasi cha kila moja kuachiwa iende peke yake. Mambo yakiwa hivyo, wapimaji hukutanisha matokeo yao kila baada ya muda na kutoa thamani moja ya pamoja ambayo wote huifuata. Katika zoezi hilo ule mcheduara wa Sèvres umepata kazi mpya: ndio wanaoupima. Matokeo yaliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2021 yaliukuta umepungua mikrogramu 2. Yaliyofuata, kuanzia tarehe 1 Machi 2023, yakaupa kilo moja kasoro mikrogramu 7, na pembeni yake, kama ilivyo kwa jiwe lingine lolote, kukaandikwa kiasi cha mashaka: mikrogramu 20.